Mtoto wa Ofisi Mbili

Dada Alveria Outten ana desturi ya kumlisha mtu kwanza, ndipo amgombeze. Ukienda kwake kijijini Bambarra nawe umemkosea, atakuwekea sahani ya mbaazi na mahindi ya kusaga, samaki juu yake, kisha atakaa akutazame ukila. Akishaiondoa sahani ndipo utajua kosa lako. Mimi nimekula hivyo mara nyingi, kwa kuwa yeye ni binti wa baba yangu mkubwa na tumekuwa majirani karibu umri wetu wote. Wakubwa wa serikali kule Grand Turk nao wamekula hivyo.

Ujana wake aliutumia Nassau, mji wa nchi jirani, kama wengi wa rika lake. Huku Caicos ya Kati hapakuwa na kazi ila shamba na bahari, na msichana hakupewa bahari. Akaenda kufanya kazi za ndani kwa daktari mmoja, bila kibali. Alijifunza kutosimama barabarani kupiga soga, na kuyajua maduka yote yenye mlango wa nyuma. Jumapili moja polisi wa huko walimkamata akitoka kanisani, wakamrudisha nyumbani na nguo alizovaa. Hakupenda kuisimulia habari hiyo. Nilipowahi kumuuliza alisema tu, "Siku zote zile hakuna aliyeniuliza kama nimekula."

Akaolewa na Wilbur, mzamiaji wa kamba-mawe, mtu mpole asiyesema sana. Walipata mtoto mmoja, Renford, ambaye alipokua alikwenda kisiwa cha Provo kufanya kazi hotelini kama vijana wote. Wilbur alifariki kwa moyo, akiwa amekaa kizingitini anavua viatu. Dada Alveria akabaki na nyumba yake, shamba lake la mbaazi na muhogo, na kazi ya kusuka ukili kwa ajili ya vikapu ambavyo watalii wa Provo huvigombania. Wakati huo alikuwa amepita hamsini. Sote tulidhani maisha yake yameshatulia hapo.

Mimi kazi yangu ilikuwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Conch Bar. Nilipokea mizigo, nilipeperusha bendera ya upepo, na zaidi ya yote nilifukuza punda njiani kabla ndege haijatua. Kwa hiyo kila aliyekuja kwa Dada Alveria kutoka mjini, mimi ndiye niliyemwona kwanza.

Asubuhi moja ya Januari, bahari ya kaskazini ikiwa imechafuka vibaya, mashua ya Wahaiti ilipanda mwamba mbele ya Bambarra. Ilikuwa imejaa watu waliotaka kufika Provo. Hezron, mdogo wake marehemu Wilbur, ndiye aliyewaona, na wanaume wakasukuma boti zao majini bila kusubiri amri ya mtu. Wengi waliletwa pwani wakiwa hai. Wachache hawakuletwa.

Waliookolewa walilazwa kwenye ukumbi wa kanisa, na Dada Alveria akaweka sufuria kubwa nje. Baadaye polisi na watu wa uhamiaji walifika, wakawachukua wote kuwarudisha kwao. Ndivyo sheria ilivyo, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Aliyebaki ni mmoja: mtoto wa kike wa miaka minne hivi, mguu umevunjika, yuko zahanati. Wenzake walisema anaitwa Dieula, na mama yake, Yolette, alikuwa mtu wa upande wa Port-de-Paix. Yolette alikuwa miongoni mwa wale wachache wasioletwa pwani.

Nesi alikataa mtoto asafirishwe mpaka mfupa ushike.

"Sasa nani atakaa naye?" akauliza. "Mimi nina zahanati mbili na gari moja."

"Nitakaa naye mimi," akasema Dada Alveria. "Kwani mfupa unashika kwa muda gani?"

"Wiki sita."

"Wiki sita si kitu."

Kwetu visiwani, tulio chini ya Uingereza, mambo yamegawanywa. Shule, zahanati, wazee, watoto wasio na wazazi, hayo yote ni ya mawaziri tunaowachagua wenyewe. Polisi, na kila jambo linalogusa nchi nyingine, ni la Gavana anayeletwa na London. Haiti iko karibu nasi kuliko Nassau, lakini swali letu likitaka kwenda Haiti lazima kwanza lipande ndege liende Uingereza, livae koti, ndipo ligeuke lirudi huku. Hakuna aliyeona ubaya wa mpango huo mpaka alipotokea mtoto aliyekuwa wa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Cuthbert Swann, mtu wa upande wa Gavana. Ni mwenyeji wa Salt Cay, mwembamba, mstaarabu, na anaogopa ndege ndogo kupita kiasi. Nilimshusha anatetemeka. Alipofika Bambarra alikula, akanywa maji, kisha akaeleza.

"Bi Alveria, kisheria mtoto huyu hayupo."

"Hayupo? Basi nani kanimalizia mkate wangu?"

"Namaanisha hakuingia nchini. Hakuna mahali alipogongewa muhuri."

"Kaingia na mguu uliovunjika, Bwana Swann. Mnataka muhuri gani tena?"

Swann akacheka, lakini hakubadilisha neno. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hawezi kumshusha mtoto mdogo kwenye uwanja wa ndege wa ugenini akamwacha hapo, kwa hiyo ulizo limepelekwa London ili London iwatafute jamaa zake. Mpaka jibu lije, mtoto ni shughuli ya ustawi wa jamii.

Mwezi uliofuata akaja Bi Leonie Delancy wa ustawi wa jamii, mama wa mjini, mnene kiasi, mcheshi, mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Naye akala.

"Sisi tunampa mlezi mtoto aliyemo nchini," akasema. "Huyu, watu wa Gavana hawajasema kama yumo."

"Si unamwona, huyo kakaa."

"Mimi namwona, Bi Alveria. Idara yangu ndiyo haimwoni."

"Basi idara yako nayo ije ile hapa. Huenda macho yakafunguka."

Ikawa hivyo. Mfupa ulishika, wiki sita zikapita, mwaka ukapita. Swann alikuja kila baada ya miezi kadhaa kusema jibu halijaja. Delancy naye alikuja kusema mikono yake imefungwa. Hawakuja pamoja hata siku moja. Dada Alveria akazoea kuwatuma.

"Mwambie Leonie mtoto anataka viatu vya shule."

"Bi Alveria, sisi na wao hatuko jengo moja."

"Lakini mko kisiwa kimoja, na kisiwa chenyewe ukipiga chafya upande huu wanakuitikia upande ule. Mwambie."

Na viatu vikaja, Delancy amevinunua kwa mkono wake.

Shuleni mwalimu mkuu alimpokea bila maswali. Alisema kazi yake ni kufundisha aliyekaa kwenye dawati. Kwa hiyo Dieula akakua akisema kama sisi, akicheka kama sisi, na akijibu watu wazima kama Dada Alveria, jambo ambalo wengine hawakulipenda. Alimwita mama. Lakini Dada Alveria hakutaka asahau kwao. Palikuwa na Mhaiti mmoja, Estimé, mwenye kibali, aliyelima mashamba ya watu hapo Bambarra. Kila Jumamosi Dada Alveria alimkalisha barazani na mtoto wazungumze Kihaiti.

"Kwa nini unamsumbua?" Hezron alimuuliza siku moja. "Mtoto ni wetu, mwache awe wetu."

"Shemeji, siku moja ataulizwa mama yake alikuwa nani. Nataka ajibu kwa lugha ambayo mama yake angeielewa."

Hezron alikuwa mtu wa siasa. Alikuwa ameacha uvuvi kwa ajili ya mgongo, na siku nzima aliisikiliza redio na kubishana nayo. Hata hivyo, yeye ndiye aliyemfundisha Dieula kuogelea, akimshika tumbo kwenye maji ya kina kifupi mpaka mtoto alipoacha kuiogopa bahari.

Alipokuwa anakaribia miaka kumi, jibu likaja.

Siku hiyo Swann aliposhuka hakutetemeka. Alikuwa amekunja uso. Nikajua, nikaenda naye mpaka Bambarra badala ya kubaki kiwanjani. Alikula nusu ya chakula. Kisha akasema bibi wa mtoto amepatikana, mama yake Yolette, anaitwa Célimène, yu hai na ana nguvu zake, anaishi kijijini karibu na Port-de-Paix. Miaka yote alidhani mtoto alikufa na mama yake. Sasa yupo mtu wa kumpokea, na sheria inasema arudishwe muhula wa shule ukiisha.

Dada Alveria aliiondoa sahani. Nilisubiri aanze. Aliiosha, akaifuta, akaiweka kabatini, na ukimya ule ulinitisha kuliko ugomvi wake wowote.

Dieula alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kuchania ukili mkononi.

"Bibi yangu ananijua?" akamuuliza Swann.

"Anajua upo."

"Basi amekushinda wewe," akasema mtoto, akatoka nje.

Jioni nilimkuta Dada Alveria amekaa barazani, mikono imetulia mapajani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikamwambia tunaweza kumficha mtoto kwa jamaa zetu wa kijiji cha Lorimers mpaka mambo yapoe.

"Osbert, usiseme upuuzi. Yule mama amemzika mwanawe bila maiti. Sasa ameambiwa mjukuu yu hai. Nimfiche? Haki yake ipo. Ila mtoto simpeleki kama mzigo wa posta. Bibi yake aje amwone. Akae kwangu, ale kwangu, amwone anavyolala na anavyoamka. Halafu aamue yeye, akiwa anajua anachokiamua."

Ombi hilo dogo ndilo lililotushinda. Viza ya mama mzee wa Haiti, asiye na kitu, inatolewa na upande wa Gavana, na Swann alisema lazima aje kumwona mtu anayeishi nchini kihalali. Mtoto hakuwa anaishi kihalali. Kumfanya awe halali kulihitaji ustawi wa jamii wamtambulishe mlezi, na Delancy alisema hawezi kumtambulisha mlezi wa mtoto ambaye upande wa Gavana wanajiandaa kumwondoa. Kila mmoja alisikitika kweli. Delancy alilia, nilimwona, akifuta miwani kwa upindo wa gauni.

Wakati sisi tumo katika hilo, nchi nzima ikawa katika lake. Tume ya kuchunguza rushwa ya mawaziri ilikuwa imekuja kutoka Uingereza na kuondoka, na mwaka 2009 London ikasimamisha serikali yetu. Mawaziri hawapo, bunge halipo. Redio haikusema kitu kingine. Hezron alikuja kwa shemeji yake ametoa macho, kofia mkononi.

"Wametunyang'anya nchi. Mchana kweupe. Watu wazima tumepokonywa kura kama watoto wanavyopokonywa viberiti."

Dada Alveria alikuwa anachambua mbaazi. "Kwa hiyo sasa nani anaendesha?"

"Gavana na washauri wake. Kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, shemeji. Bandari, hazina, shule. Mpaka mayatima."

Akaacha kuchambua. "Na mayatima?"

"Ndiyo nakwambia. Wameturudisha enzi za babu."

"Basi ofisi imekuwa moja," akasema Dada Alveria, akasimama, mbaazi zikamwagika zote sakafuni.

Hezron alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wewe unafurahi?"

"Sifurahi. Kura ni yangu pia. Lakini wakishaiba mlango mmoja nikabaki na mwingine, mimi nitabisha uliobaki. Nisogezee hizo mbaazi."

Siku mbili baadaye alikuwa kiwanjani pangu na Dieula, kofia ya kanisani kichwani, na kikapu kikubwa kilichofunikwa kitambaa. Hakuwa amepanda ndege tangu aliporudishwa kutoka Nassau. Nilimwomba rubani nafasi ya tatu, nikaenda nao, punda nikawaachia Mungu.

Grand Turk ilikuwa na joto na watu wake walikuwa na hasira. Kwenye lango la ofisi palikuwa na waandamanaji wachache wenye mabango, na mmoja alimwambia Dada Alveria, "Mama, unaenda kuwapigia magoti?" Akamjibu, "Naenda kuwapelekea samaki," akapita.

Tulikaa kwenye benchi la ukumbini asubuhi nzima. Mshauri aliyeshika mambo ya jamii alikuwa Bwana Pargeter, mzee mrefu mwenye uso uliochomwa na jua. Alipotoka kwenda kula mchana, Dada Alveria alimzuia mlangoni.

"Unakwenda kula wapi?"

"Mahali tu hapo chini, mama."

"Huna haja. Chakula kiko hapa."

Sijui kwa nini alikubali. Labda ni harufu. Aliturudisha ofisini kwake, Dada Alveria akatandika kitambaa juu ya meza yake ya kazi, akamtolea samaki wa kukaanga, mkate wa sufuria na mbaazi. Kisha akasema anataka Swann na Delancy waitwe nao wale. Wakaitwa. Walipoonana mlangoni walisalimiana kwa majina ya ukoo. Niligundua kuwa miaka yote ile walikuwa wamezungumza kwa simu tu, tena kwa ukali.

Walikula wote. Pargeter akaomba aongezewe. Dieula aliwagawia maji. Sahani ya mwisho ilipokwisha kukusanywa, Dada Alveria akakaa wima.

"Sasa nisikilizeni. Huyu mtoto nilimchukua kwa wiki sita. Meno yake ya utotoni yameng'oka kwangu, na mapya yameota kwangu. Bwana Swann ananiambia hayupo mpaka Bi Delancy aseme. Bi Delancy ananiambia hawezi kusema mpaka Bwana Swann aseme yupo. Mimi siwagombezi kwa sheria, hamkuitunga nyinyi. Nawagombeza kwa sababu nyote mmekula mezani pangu miaka mitano na ushee, na hakuna aliyefikiri kumngoja mwenziwe mje siku moja."

Pargeter alimgeukia Swann. "Wewe unakwama wapi?"

"Ustawi wa jamii, bwana."

"Na wewe?"

"Kwa upande wa Gavana," akasema Delancy.

"Lakini nyote sasa mko upande mmoja."

Waliangaliana. Swann aliguna. Delancy hakucheka, alivua miwani, akasema taratibu, "Ningependa tungelifanya sisi wenyewe, wakati nchi ilikuwa yetu."

"Hata mimi," akasema Dada Alveria. "Na nchi itarudi, Leonie. Itakapokuja ikukute umeshajua njia ya kwenda ofisini kwa mwenzio."

Pargeter hakutoa hotuba. Alimuuliza Dieula kama anataka bibi yake aje, mtoto akasema ndiyo, lakini asilazwe chumba cha mbele kwa sababu paa linavuja. Mzee akaandika na hilo. Tuliporudi Bambarra, Dada Alveria alikuwa mlezi anayetambulika, kwa muda, na viza ya Célimène ilikuwa imeahidiwa kwa Pasaka.

Alifika Alhamisi Kuu. Alikuwa mwanamke mdogo, mwembamba, mgongo umenyooka, kofia ya majani kichwani na mfuko wa kahawa kifuani, ameushika kama mtoto mchanga. Dieula alikuwa amekaririshwa na Estimé maneno ya kumkaribisha. Alipomwona aliyasahau yote. Célimène aliuweka mfuko chini kwenye vumbi la kiwanja, akapiga magoti, akaukunja mguu wa suruali wa mtoto, akaligusa kovu la mfupa. Halafu akauliza kitu.

"Anasema, bado unauma?" Estimé akatafsiri.

"Hauumi, bibi," akajibu Dieula mwenyewe, kwa Kihaiti, na yule mama akaficha uso wake kwenye tumbo la mtoto.

Siku za mwanzo zilikuwa nzito. Wanawake wawili wale hawakuwa na lugha moja, na kila mmoja alimchunga mwenzake kwa pembe ya jicho. Siku ya pili Célimène alimwambia Estimé, na Estimé akasita kabla ya kutafsiri: amekuja kumchukua mtoto, nguo za safari ameshazishona. Dada Alveria aliitikia kwa kichwa, akaenda shambani, akakaa huko mpaka jua lilipokuwa kali mno.

Aliporudi na kapu la mbaazi, Célimène alikuwa barazani. Bila kuombwa akachukua kiasi, akaanza kuzimenya. Kumbe kwao nao ni chakula cha kila siku. Mikono yake ilikuwa na kasi kuliko ya Dada Alveria, na Dada Alveria aliliona hilo. Akaongeza mwendo. Célimène naye akaongeza. Nilipopita walikuwa wanamenya kama watu waliolipwa kwa kilo, hakuna anayemtazama mwenzake, na Dieula amekaa katikati yao anacheka mpaka analala chali.

Baada ya hapo walianza kugombana, na ugomvi ndio uliowapatanisha. Célimène alitia karafuu kwenye mbaazi. Dada Alveria alisema zimeharibika, kisha akala sahani mbili. Célimène alionyesha kwa vidole kwamba ukili unasukwa umelegea. Estimé alikuwa katikati, akitafsiri matusi madogo madogo, mpaka siku moja wote wawili walimfukuza, kila mmoja kwa lugha yake, wakaendelea bila yeye.

Jumapili ya Pasaka Dieula aliimba kanisani na watoto wenzake. Célimène alikaa karibu na Hezron, na mara nyingi hakuwatazama waimbaji. Alikuwa anawatazama watu walivyomtazama mtoto. Mchana huo, baada ya chakula, akamwita Estimé arudi.

Alimuuliza Dieula kwanza. Anataka nini?

"Nawataka wote," akasema Dieula.

Célimène alicheka kicheko kifupi, akasema hivyo ndivyo Yolette angejibu. Kisha akamgeukia Dada Alveria. Alisema anao wajukuu wengine wanne nyumbani wanaomtegemea, na huyu wa tano ameshapata mama. Hatamng'oa. Lakini ana masharti. Jina la Yolette litajwe kwenye sala za nyumba hii. Mtoto aje kwake kila likizo kubwa, aijue nyumba ya mama yake na makaburi ya ukoo. Na jambo la mwisho aliliuliza bila kupepesa: "Wewe umri umekwenda kama mimi. Ukifa je?"

Dada Alveria hakuchukia. Aliingia ndani, akampigia simu Renford huko Provo, akamweleza, akaweka simu sikioni mwa Estimé. Renford alisema, "Mwambie huyo ni dada yangu. Tangu zamani nampelekea soda na biskuti, alidhani nampelekea nani?" Estimé akatafsiri, soda na biskuti zote. Célimène akaitikia.

Alikaa mpaka siku zake za viza zilipokwisha, akaondoka na vikapu viwili na mbegu za mbaazi zetu, ambazo Dada Alveria alidai ni bora. Nguo alizozishona aliziacha. Dieula alizivaa mpaka zikambana.

Serikali yetu ilirudi mwaka 2012, kwa uchaguzi, na Hezron alifanya karamu. Alikuwa hajamsamehe shemeji yake.

"Wewe uliwapenda wakoloni wako."

"Nilimpenda mtoto, shemeji. Wakoloni niliwalisha tu. Leta hiyo nyama."

Na siku ya uchaguzi Dada Alveria alikuwa amepiga kura mapema kuliko watu wote wa Bambarra. Swann na Delancy walikuwa kwenye ndege moja siku ya kuja kukamilisha ulezi wa kudumu, Swann ameushika mkono wa mwenziwe, macho ameyafumba. Ndege ilikuwa imeshasimama muda mrefu. Hezron aliliona hilo na akalisema, tena kwa sauti, lakini hawakuonekana kuudhika.

Dieula alikwenda Port-de-Paix kila likizo kubwa kwa hati za safari ambazo Swann alizitafuta mwenyewe. Célimène alipofariki, miaka michache iliyopita, Dada Alveria alikwenda kumzika. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka mpaka akiwa na pasipoti mfukoni. Nilikuwa naye. Mbele ya afisa wa uhamiaji alisimama muda mrefu kuliko alivyohitajika, akamuuliza hali ya watoto wake, mpaka waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika.

Dieula sasa ni mkalimani mahakamani Provo. Mashua bado zinakuja, na yeye ndiye wa kwanza kuzungumza na watu wake kwa lugha wanayoielewa. Sheria ni ileile, na wengi hurudishwa. Anasema kuna siku anarudi nyumbani na kulala bila kula. Lakini kazi yake anaipenda. Mwaka juzi alipata hadhi ya mwenyeji, na uchaguzi uliofuata akaja Bambarra na gari la kukodi kutuchukua sisi wazee kutupeleka kituoni Conch Bar.

Ilikuwa kura yake ya kwanza. Njia nzima Hezron, aliyekaa nyuma na fimbo yake, alimweleza ampigie nani na kwa nini. Dieula alisema, "Ndiyo, baba mdogo. Sawa, baba mdogo." Aliingia, akatoka, akawasha gari.

"Umempigia?" akauliza Hezron.

"Nimepiga kura, baba mdogo."

"Najua umepiga. Nauliza nani."

"Funga mkanda."

Dada Alveria, aliyekaa mbele, alikuwa amefungua kioo chote, upepo wa bahari unampiga usoni. Alikuwa anaimba kwa sauti ndogo, wimbo wa kanisani, nusu kwa lugha yetu na nusu kwa Kihaiti alichojifunza vibaya. Hezron aliendelea kuuliza mpaka tukaingia njia ya Bambarra, na hakuna aliyemjibu.